Ikiwa pombe na sigara zinauzwa kwa leseni, kwa nini bangi iwe haramu?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni kijana wa bodaboda hapa Mumias. Pale steji mjadala wa bangi hauishi tangu kampeni za 2022, mgombea urais George Wajackoyah, mtu wa kwetu huku Magharibi, alipoahidi kuihalalisha ili mauzo yake yalipe deni la taifa. Wenzangu, wakiwemo Waislamu, husema kwamba pombe inaua na ina leseni, sigara inaua na iko katika kila duka, ilhali bangi ni mmea tu na haikutajwa katika Qur'ani. Je, Bunge likiiruhusu itakuwa halali kwetu? Na je, ni dhambi Mwislamu kuunga mkono mabadiliko ya sheria hata kama yeye mwenyewe havuti?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Umeuliza mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: hukumu ya kitu mbele ya Mwenyezi Mungu, na namna dola inavyomshughulikia anayekitumia. La kwanza halina utata. La pili lina nafasi ya kujadiliana, nami nitalifikia.

Ni kweli kwamba bangi haikutajwa kwa jina katika Qur'ani, lakini hata chang'aa haikutajwa, wala hakuna Mwislamu anayeitumia hoja hiyo kuinywa. Mtume (s.a.w.) aliweka kanuni iliyopokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kwamba kila kinacholevya ni khamr (pombe), na kila khamr ni haramu. Sayyidna Umar (r.a.), kama alivyopokea Bukhari, alisimama juu ya mimbari akataja vitu vitano ambavyo pombe ilitengenezwa kwavyo wakati ule, yaani zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akasema kwamba khamr ni kila kinachofunika akili, kwa hiyo orodha haikufungwa kwa vile vitano. Hashishi, ambayo hutokana na mmea huohuo wa bangi, ilipoenea katika miji ya Waislamu karne kadhaa baadaye, wanazuoni hawakukaa kimya. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliihesabu kuwa kileo kamili na akaona mtumiaji apigwe mijeledi kama mnywaji wa pombe. Al-Qarafi, aliyemtangulia kidogo, aliona kwamba inaharibu akili bila kuleta ule msisimko wa pombe, na kwa hiyo adhabu yake iachiwe kiongozi aikadirie. Katika madhehebu yetu ya Shafi pia haihesabiwi kuwa najisi kama pombe. Naomba ulishike jambo hili: walitofautiana katika adhabu na katika unajisi, wala hawakutofautiana kwamba kulewa kwa mmea huu ni haramu.

Wako pia wanaosema kwamba msokoto mmoja hauwatoi akili. Jibu lao liko katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba kile ambacho kingi chake kinalevya, basi kichache chake ni haramu. Hapa Kisumu nilimfundisha kijana aliyehifadhi juzuu ya Amma, yaani ya mwisho ya Qur'ani, akiwa bado mdogo. Alipoanza kuvuta alisimama mbele yangu kusoma Fatiha, akafika “iyyaka na'budu”, akarudi mwanzo, akafika palepale, akanyamaza akinitazama. Mwenyezi Mungu anasema katika Surat An-Nisaa, aya ya 43, kwamba tusiikaribie sala hali ya kuwa tumelewa mpaka tujue tunachokisema. Kijana huyo hakuwa akipepesuka wala kutoa harufu ya pombe, lakini hakujua anachokisema.

Sasa nije kwenye ulinganisho, maana ndipo wenzako wanapodhani wameshinda. Wanachosema kuhusu pombe na sigara ni kweli, na si haki kukikana kwa sababu tu kinatumiwa kutetea bangi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019. Bangi haina hesabu ya vifo inayokaribia hiyo. Madhara yake hukaa zaidi akilini: ubongo wa kijana huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na anayeanza kuvuta mapema na kwa wingi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya akili ya kusikia sauti na kuona visivyokuwepo. Lakini hata kama madhara ya bangi yangekuwa nusu ya yale ya pombe, hoja hiyo inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba tumelegea katika pombe na sigara. Mtu ambaye nyumba yake imeshaingia wezi wawili hamfungulii wa tatu kwa kuwa yeye anaiba kidogo.

Na Kenya ina uzoefu wake. Mwaka 2010 Sheria ya Udhibiti wa Vileo iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo tangu 1980, kwa matumaini kwamba ikitengenezwa kwa viwango na kutiwa katika chupa, watu wataacha ile ya sumu. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti yenye sumu. Leseni peke yake haikuwaokoa.

Kuhusu sigara nina neno zito kwetu sisi wenyewe. Tumbaku ilipofika kutoka Amerika wanazuoni walitofautiana, wengine wakaipa hukumu ya makuruhu (inayochukiza bila kuwa haramu) au hata mubaha (inayoruhusiwa), kwa sababu madhara yake hayakuwa yakijulikana. Leo yanajulikana mpaka yameandikwa juu ya pakiti, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, Surat Al-Baqara, aya ya 195. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama hizi wameiharamisha, na huo ndio msimamo wangu. Lakini nenda katika maduka ya ndugu zetu wanaoswali safu ya kwanza: sigara zinauzwa moja moja, kando ya peremende za watoto, na kiberiti kimefungwa kwa uzi dirishani ili mnunuzi awashe hapohapo. Huyo muuzaji akimkemea kijana wa bangi, kijana atamsikiliza vipi? Riziki nyingine ipo. Huko Migori wako wakulima walioacha tumbaku wakapanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, na wanapata soko.

Hoja ya deni la taifa imejibiwa zamani. Aya ya 219 ya Al-Baqara inakiri kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Dawa ni mlango mwingine. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa kikali cha watoto iliyotengenezwa kwa kanabidioli, kiini cha mmea wa bangi kisicholevya. Dawa ya namna hiyo, ikiandikwa na daktari mwaminifu, haina ubaya. Anayejitibu kwa msokoto kijiweni hayumo katika ruhusa hii.

Nabaki na swali lako la mwisho. Bunge likiondoa adhabu yote kesho, bangi itabaki haramu kwetu kama bia ilivyo haramu ingawa ina leseni. Kuunga mkono kufunguliwa kwa maduka ya bangi na biashara yake ni kusaidiana katika dhambi, na haijuzu. Lakini kutaka mvutaji asipelekwe jela bali atibiwe ni jambo ambalo Mwislamu anaweza kulisimamia bila dhambi. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994 ilipotungwa iliweka kifungo cha miaka 10 hata kwa bangi ya kuvuta mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yakailegeza. Nami naona ni vyema, kwa sababu kijana anayetupwa gerezani kwa msokoto mmoja hutoka akiwa amejifunza makubwa zaidi. Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyeletwa mara nyingi kwa Mtume (s.a.w.) kwa kosa la kunywa, sahaba mmoja alipomlaani, Mtume akasema asilaaniwe, kwani anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mtu huyo aliadhibiwa, na pombe haikuhalalishwa kwa ajili yake, lakini hakufukuzwa miongoni mwa Waislamu.

Hilo halimhusu mfanyabiashara. Katika hadithi ya Tirmidhi watu kumi wamelaaniwa kwa ajili ya pombe, na miongoni mwao yumo anayeibeba na anayebebewa. Kwa kazi yako hii ndiyo sehemu inayokugusa zaidi: ukipewa mzigo kutoka Busia nawe unajua kwamba ndani yake mna bangi, nauli yake si halali kwako, uvute usivute. Na ukiushuku, una haki ya kuuliza kilichomo kabla ya kuwasha pikipiki, na kuukataa usipojibiwa.

Wallahu a'lam.