Akondroplasia: tusitazame kimo tu

Tangu niitaje akondroplasia hapa, ujumbe umemiminika. Ni hali ya kuzaliwa nayo: mifupa ya mikono na miguu hubaki mifupi, kiwiliwili kikawa cha kawaida. Wengi mmeuliza kuhusu kimo. Mimi nitawavuta kwenye shingo na mgongo, maana hatari iko huko.

Mwanangu ana miezi miwili. Kichwa kikubwa, mikono mifupi, vidole vimeachana. Mimi na baba yake ni warefu, na mawifi wameshaanza maneno. Ultrasaundi ya mwezi wa tano ilisema yuko sawa. (Mama, Igoma)

Ultrasaundi haikukudanganya, mama. Mfupa wa paja wa watoto hawa kwa kawaida huanza kubaki nyuma baada ya wiki ya 24 hivi, kwa hiyo mwezi wa tano hakukuwa na cha kuona. Sasa ni rahisi zaidi. Daktari wa watoto anayeijua hali hii ataishuku kwa kumtazama: paji la uso lililojitokeza, pua iliyobonyea kati ya macho, kidole cha kati na cha pete visivyotaka kukutana. Eksirei ya nyonga, miguu na uti wa mgongo humaliza ubishi. Kipimo cha vinasaba kipo, ila picha zikijieleza si lazima. Omba rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na mzingo wa kichwa upimwe kila kliniki. Kichwa kikubwa pekee si ushahidi kwamba kimejaa maji. Kikianza kukua kwa kasi, hapo ndipo tunashtuka.

Kuhusu mawifi: watoto wanane hivi kati ya kumi wenye hali hii huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Ni badiliko dogo kwenye kinasaba kiitwacho FGFR3, hujitokeza lenyewe, na karibu kila mara hutokea kwenye mbegu ya baba, hasa aliyevuka miaka 35. Ukitaka kuwaambia, waambie. Mimi ningewaambia.

Shikamoo daktari. Mjukuu wangu ana akondroplasia, miezi sita, bado teketeke. Namkalisha kwenye beseni nimemzungushia kanga ili azoee kukaa. Usiku anakoroma, na mara nyingine pumzi inakata kidogo. (Bibi, Nansio)

Marahaba, bibi. Nianze na pumzi, beseni lingoje. Chini ya fuvu kuna tundu ambamo uti wa fahamu hupita kwenda shingoni. Kwa watoto hawa tundu hilo ni dogo, na likibana sana mtoto anaweza kuacha kupumua usingizini. Ndiyo sababu baadhi yao hufariki ghafla wakiwa wachanga. Pumzi kukatika, kunyonya kwa shida, miguu kukakamaa, au wayo kutikisika wenyewe ukiukunja kwa ghafla: usisubiri siku ya kliniki. Mleteni Mwanza kwa meli ya asubuhi. Atahitaji kupimwa anavyopumua usingizini na kupigwa picha ya MRI ya shingo, na wengine hufanyiwa upasuaji wa kulipanua tundu hilo.

Sasa beseni. Kwa heshima zote, libaki la kufulia. Misuli yake bado legevu na kichwa ni kizito. Ukimkalisha, mgongo unapinda hapo juu ya kiuno na pingili zinaanza kubonyea upande wa mbele. Kwa wengi kibiongo hicho hunyooka wakishatembea. Kwa anayelazimishwa kukaa mapema kinaweza kubaki. Mbeleko nayo isubiri, kwa sababu ileile. Mpakateni kifuani, mkono mmoja kisogoni, mwingine mgongoni. Akiwa macho, mlazeni kifudifudi mkekani mkimwangalia. Bodaboda, hapana kabisa. Atakaa kwa wakati wake na kutembea pengine karibu na miaka miwili. Akili haina tatizo.

Dagaa na vidonge vya kalsiamu vitamnyoosha matege mwanangu wa miaka minne? Na ile sindano ya kurefusha? (Baba, Buhongwa)

Matege haya si ya upungufu wa vitamini D, kwa hiyo hapana. Dagaa ale kwa sababu ni chakula kizuri. Sindano unayoisikia ni vosoritaidi, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021. Hudungwa kila siku hadi mifupa ifunge, yaani iache kurefuka, na kwenye utafiti iliongeza takriban sentimita moja na nusu kwa mwaka. Bei yake ni ya kutisha, usiuze kiwanja. Umeandika pia kwamba anachelewa kuongea. Mpeleke akapimwe masikio wiki hii. Maji nyuma ya ngoma ya sikio huwasumbua sana, na hayo yanatibika.

Nina miaka 41, mfupi wa kuzaliwa, nauza samaki mwaloni Kirumba. Nikitembea miguu inakufa ganzi, nikichuchumaa inarudi. Wanasema ni uzee.

Kaka, miaka 41 si uzee. Mfereji wa uti wa mgongo wako ni mwembamba tangu kuzaliwa, na kadiri umri unavyokwenda unazidi kubana. Ukichuchumaa unafunguka kidogo, ndiyo maana unapata nafuu. Angalia unatembea hadi wapi kabla ya kusimama. Mwezi huu ukifika stendi na mwezi ujao ukaishia nusu ya njia, mwambie daktari hivyohivyo. Atakayekuandikia dawa za maumivu bila kukugonga magoti kwa kinyundo cha kupima mishipa ya fahamu, tafuta mwingine. Asikukande wala kukuvuta mgongo mtu yeyote. Punguza uzito ukiweza. Mkojo ukianza kukutoka, au ganzi ikipanda kati ya mapaja, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mimi mfupi, mume wangu mrefu, nina mimba ya miezi mitatu. (Nyakato)

Hongera, dada. Nafasi ya mtoto kuirithi hali yako ni nusu kwa nusu. Utajifungua kwa upasuaji, kwa kuwa nyonga yako ni finyu. Usikubali kujaribishwa njia ya kawaida. Mtaalamu wa dawa za usingizi akuone mapema, kabla ya mwezi wa saba: sindano ya ganzi ya mgongoni ni ngumu kwenye mfereji mwembamba, na ukilazwa usingizi kabisa, anayekuwekea mpira wa kupumulia lazima ajue kwamba shingo yako haikunjwi ovyo.