Maswali Yenu: Maonyesho ya Sanaa Chuoni

SWALI: Bwalo letu lina mita 12 kwa 8. Kuta ndefu zote zina madirisha, na ukuta mfupi mmoja una jukwaa. Wanachuo wameleta picha 40 za sentimita 60 kwa 60. Tutazitundikaje? Mwaka jana tulipigilia misumari, lipu ikabomoka na picha mbili zikaanguka usiku.
Mkufunzi, chuo cha ualimu, Tanga

JIBU: Ndugu mkufunzi, 40 hazitaenea, na mkizilazimisha hakuna itakayoonekana. Anza na ukuta mfupi ulio wazi. Picha nane zinachukua mita 4.8, nafasi saba za sentimita 40 kati yake zinachukua 2.8, na zinazobaki ni sentimita 20 kila pembe. Basi, ukuta umeshajaa.

Kuta za madirisha ziacheni. Mtazamaji akikabili mwanga wa dirisha, picha iliyo pembeni yake huiona kama kivuli. Badala yake tengenezeni viwambo viwili vya kusimama. Kila kimoja kinataka plaiwudi tatu za futi 4 kwa 8, unene milimita 18, zikiungwa kwa bawaba tatu kila kiungo. Visimamishwe kwa kukunjwa mithili ya herufi Z, kwani kikinyooshwa hulala kwa kuguswa tu na bega la mtu. Kila plaiwudi ibebe picha moja mbele na moja nyuma, hivyo viwambo viwili vinapokea 12. Jumla mnazo 20. Wiki ya pili shusheni hizo, mpandishe 20 zilizobaki. Wanachuo watanung'unika siku ya kwanza, lakini kila mmoja atapata wiki yake.

Msumari wa kawaida hupasua lipu na kushikwa na lipu hiyohiyo, haufiki kwenye tofali. Fungeni ubao wa inchi 1 kwa 2 juu ya ukuta, kutoka pembe hadi pembe, kwa skrubu za milimita 75 kila baada ya mita moja. Tundu litobolewe kwa drili, vumbi lipulizwe nje, ndipo plagi ya plastiki iingie. Vumbi likibaki, plagi huzunguka pamoja na skrubu na haishiki kitu. Kutoka ubaoni teremsheni waya mbili kwa kila picha ili isipinde. Mshipi wa kuvulia haufai: hurefuka taratibu na fundo lake huteleza. Nadhani ndiko zitakakoanguka picha nyingine mkiutumia.

Kwenye viwambo, skrubu isizidi milimita 15, la sivyo itachomoza upande wa pili na kutoboa picha ya mwenzake. Katikati ya kila picha pawe sentimita 150 kutoka sakafuni. Kupata mahali pa skrubu, chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha picha, kisha utoe umbali kutoka ukingo wa juu hadi pale waya uliofungwa nyuma ya picha unapofika ukivutwa juu. Kwa picha yenu, waya ukishuka sentimita 8, ni 150 + 30 − 8, yaani 172.

SWALI: Tunataka kuonyesha leso za kina nyanya, baadhi zina zaidi ya miaka hamsini. Tuzibane kwa pini?
Mwanachuo, Mombasa

JIBU: Usizibane, mwanetu. Hewa ya pwani ina chumvi. Pini ya chuma hushika kutu kwa siku chache, na doa la kutu kwenye pamba halitoki bila kula nyuzi. Gundi ya karatasi nayo huacha mafuta yanayogeuka kahawia.

Shona utepe wa pamba wa sentimita 6 nyuma ya ukingo wa juu, kwa mishono mirefu iliyolegea inayopita kwenye pindo, uwe kama mfuko. Pitisha fimbo humo, uzito ugawanyike upana wote. Acha sentimita tatu kati ya kitambaa na ukuta, hewa ipite. Iliyochakaa isining'inizwe kabisa; ilaze juu ya ubao ulioinama kidogo. Doti ambayo haijakatwa iache hivyo hivyo, usiitenganishe kwa ajili ya nafasi.

Jua lisiifikie leso hata kwa muda wa saa moja tu asubuhi. Rangi iliyopauka hairudi. Makumbusho huweka nguo kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na programu ya simu itakukadiria. Kwenye maelezo andika jina la leso, yaani ule ujumbe, neno kwa neno na kwa tahajia yake. Ikiwa umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, tafuta mzee wa kuusoma kabla hujaubuni.

SWALI: Vinyago vyetu vya mpingo vimepasuka vikiwa ndani ya maonyesho. Vilikuwa vizima.
Chuo cha ufundi, Mtwara

JIBU: Vilikuwa karibu na feni, kiyoyozi au taa kali? Mti hupoteza maji haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa, ndani bado una unyevu. Nje inasinyaa, ndani inakataa, unapasuka. Viondoeni hapo na msipake maji wala mafuta ya kula. Nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa inatosha. Na kabla ya kuandika "mpingo", sugua chini ya kinyago kwa kitambaa cheupe. Kikitoa weusi, huenda ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu.

SWALI: Kwenye lebo tumeandika "Msanii: Tingatinga, 1995". Mgeni mmoja amecheka. Kwa nini?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Hiyo ni picha ya mtindo wa Tingatinga, na mchoraji ana jina lake, kwa kawaida pembeni chini. Andikeni jina hilo, kisha "rangi ya enameli juu ya hadibodi", vipimo na mwaka.

Enameli hukauka juu upesi lakini chini hubaki laini kwa wiki kadhaa. Mkizirundika picha mpya uso kwa uso kwenye joto, au kuzifunga kwa nailoni, zitagandana. Wekeni vipande vya boksi kwenye pembe nne, kati ya picha na picha.