Mama kagonga kichwa, na hatuna bima

Pole sana, dada. Mama kaanguka bafuni, anatapika na kusinzia, nanyi mmefika Marekani juzi kutoka Kongo, hamna bima wala Kiingereza. Usisubiri asubuhi. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, sasa hivi. Dalili hizo zinaweza kuwa damu inayovuja ndani ya kichwa, na CT scan, yaani kipimo cha picha za ndani ya kichwa, huionyesha kwa dakika chache.

Kuhusu pesa: sheria ya EMTALA ya 1986 inazitaka karibu hospitali zote zenye idara ya dharura kumpima na kumtibu hali ya hatari kwanza, bima iwepo au isiwepo. Bili ikija, ulizia msaada wa malipo palepale hospitalini.

Dai mkalimani wa Kiswahili, hata wa simu, hamlipi. Mwanao asitafsiri! Nimefanya kazi ya ukalimani, nimeona mtoto akimficha daktari jambo la aibu la mama yake.

Na hili watu wetu husahau: kama mama ana risasi au kipande cha chuma mwilini tangu vita, semeni kabla ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kali, maana sumaku hiyo inaweza kukisogeza. Bebeni dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda.