Sayari zote sita kwenye picha moja ya simu? Hapana

Ukitaka kunasa sayari sita zinapoonekana usiku mmoja (Zuhura, Zohali, Mshtarii, Mirihi, Uranusi na Neptuni), haiwezekani kwa picha moja ya kawaida. Sayari zikijipanga hazisongamani pamoja, zinatandaa anga nzima. Januari 2025, mnamo saa mbili usiku hapa Nairobi, Zuhura na Zohali zilikuwa magharibi, Mshtarii juu sana na Mirihi mashariki. Simu inameza kipande tu, kwa hiyo tumia panorama (picha pana unayopiga ukizungusha simu) au piga picha kadhaa uziunganishe.

Halafu Neptuni haionekani kwa macho hata ukae gizani Magadi, mbali na taa za jiji, lazima darubini. Uranusi nayo, kwa taa za jiji hili, isahau. Nne zilizobaki zinang'aa vya kutosha kuonekana hata ukiwa juu ya ghorofa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, mradi mawingu yakubali.

Simu iwe kwenye stendi, hali ya usiku, taima ya sekunde 3 isitikisike. Usiache lenzi wazi muda mrefu, maana Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa na sayari zitatoka kama vimstari. Programu ya Stellarium itakuonyesha ipi ni ipi kabla hujapanda juu.