Muulize Anti: Mwanangu Kaja na Kitabu Chenye Mchawi

SWALI: Shikamoo Anti. Mwanangu yuko darasa la sita huku Tabata, kaazima kitabu kwa rafiki yake kinaitwa The Lion, the Witch and the Wardrobe. Sasa mwenzangu wa kwaya alivyokiona mezani akashtuka, eti nimeruhusuje mchawi aingie kwenye nyumba iliyookoka, akanisomea Kumbukumbu la Torati 18 pale pale. Nimekificha juu ya kabati, mtoto kanuna hataki hata kula. Nikirudishe au amalize? Mama wa Tabata.

JIBU: Marahaba mama. Nimecheka kidogo, maana ni stori ya watoto wanaoingia nchi nyingine kupitia kabati, na wewe umekiweka juu ya kabati. Haya tuendelee.

Mwenzako simlaumu. Mji huu kila nguzo ya umeme ina kibao cha mganga na namba ya simu, anarudisha mpenzi, anavuta mali, kwa hiyo mtu wa Dar akiona neno mchawi kwenye jalada la kitabu cha mtoto haoni hadithi, anaona jambo analolijua. Na Kumbukumbu 18:10-12 inakataza kweli, hamna kona kona. Ila inakataza kufanya uchawi na kuwaendea wanaoufanya, kusimulia habari zake ni kitu kingine, mbona 1 Samweli 28 ina yule mwanamke wa Endori na tunaisoma kanisani. Na kama shida ni wanyama wa kitabu hicho kuongea, punda wa Balaamu aliongea, na Waamuzi 9 Yothamu anasimulia miti inatafuta mfalme mpaka inaishia kuubembeleza mti wa miiba.

Mimi ninachoangalia ni mchawi anaonyeshwaje. Humo ndani kuna dogo anaitwa Edmund, anakutana na huyo mchawi kwenye theluji, anapewa peremende laini za Kituruki, mwambie mwanao ni kama halua, halafu huku dogo anabugia mdomo umejaa, mchawi anamuuliza maswali taratibu, mko wangapi nyumbani, wa kike wangapi, na yeye anajibu tu hata hajiulizi huyu anataka kujua ya nini. Na zile peremende zimerogwa, ukionja unataka nyingine na nyingine. Anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya hizo na kwa ahadi ya kufanywa mwana wa mfalme. Niambie kama hapo uchawi umesifiwa.

Halafu anakuja Aslan, simba, anakubali kuuawa badala ya Edmund kwa sababu sheria ya nchi ile inasema msaliti ni mali ya mchawi. Wafuasi wa mchawi wanamnyoa manyoya, wanamfunga, anachinjwa juu ya meza ya jiwe, na asubuhi dada wawili wa Edmund ndio wanaomwona mzima. Mtoto wa Sunday school atajua mwenyewe hiyo imetoka wapi. Mwandishi wake C.S. Lewis alikuwa mwalimu chuo kikuu cha Oxford Uingereza, miaka mingi hakuamini Mungu, akarudi kwenye Ukristo 1931 na kitabu hiki kikatoka 1950.

Ila sikudanganyi, kuna mahali pa kukaa naye. Vitabu vya mfululizo huu wa Narnia viko 7, na kwenye kile cha safari ya meli Lucy, dada yake Edmund, ambaye ni wa upande mzuri kabisa, anasoma maneno ya uchawi kwenye kitabu cha mchawi mwingine, na moja linamponza maana anasikiliza rafiki yake akimsema. Hapo usimwache mwanao peke yake. Na kwenye kitabu cha mwisho kuna askari aliyemtumikia mungu mwingine maisha yake yote na Aslan anampokea, hapo hata mimi nabishana na Lewis, mchungaji wako naye atakuwa na la kusema. Kwa hiki cha kwanza kishushe, msome wote, mwenzako wa kwaya mwambie aje asikilize ile sura ya meza ya jiwe.

SWALI: Anti, mimi mwanangu kusoma hapendi, si nimwekee tu sinema yake? Baba wa Kigamboni.

JIBU: Ile ya 2005 ni nzuri lakini vita imerefushwa sana, kwenye kitabu inapita haraka. Kama ana miaka mitano sita atakumbuka mapanga tu. Msomee wewe baba, sura moja moja usiku, tena umeme ukikatika ndio vizuri zaidi.