Mbunge mwenye akili ya biashara akisimama kuchangia uchumi, we chukua kalamu

Ndugu zangu mnaofanya biashara, hasa nyie wa mazao kama mimi, leo nataka niwaambie kitu kilichonichukua miaka kukielewa na kimenilia hela pia. Zamani nilikua mtu wa kusema Bunge ni la wanasiasa, wao wako Dodoma wanaongea, mi niko huku natafuta mchele, basi. Redio ikianza tu "Mheshimiwa Spika nakushukuru kwa kunipa nafasi" nahamisha stesheni.

Juni 2021 ndo nilijifunza. Tozo ya miamala ya simu ilisomwa kwenye bajeti, ikajadiliwa, ikapita kwenye Sheria ya Fedha, yote hayo hadharani kabisa, na mi sina habari. Tarehe 15 Julai ikaanza kukatwa, muamala mmoja mpaka shilingi 10,000 kutegemea kiasi. Sasa mi kipindi kile wakulima nawalipa kwa simu, vibarua wa kupakia kwa simu, dereva kwa simu, na bei nilishakubaliana na wakulima wiki mbili kabla, wakaniambia bei tuliyoongea ni ya mkononi, makato ya kutolea ni yako. Walikua na haki, nikalipa. Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa asilimia 30, 2022 kiwango cha juu kikashuka mpaka 4,000, na 1 Julai 2023 ile ya kutuma ikafutwa kabisa, lakini msimu wangu ule haukurudi. Ningesikiliza mjadala wiki mbili tu za Juni ningepanga bei nyingine au ningebeba hela benki.

Toka hapo nikaanza kufuatilia, mwanzoni kichwa kichwa, nasikiliza kila mbunge, nachoka. Baadae nikagundua michango ya uchumi haifanani. Kuna mbunge anasimama anashukuru, anaomba barabara ya jimboni, kengele inalia, anaunga mkono hoja. Ni haki yake, wananchi wake wanataka barabara. Lakini kuna mwingine unasikia kabisa huyu amewahi kununua kitu akauza, akapata hasara akarudi tena sokoni. Huyo anaongea gharama. Anakwambia mzigo ukikaa siku mbili njiani nani analipa, anakwambia kodi hii ukiipandisha mfanyabiashara atahamia wapi.

Kwa sisi wa huku Kahama mfano wa karibu ni Jumanne Kishimba, aliyeingia bungeni 2015 kwa jimbo la Kahama Mjini akarudi tena 2020. Mtu wa biashara, na alikua anachangia kwa lugha ya mtaani kabisa, watu wanacheka ukumbini, lakini mi naomba mtu asiishie kwenye kucheka. Hoja aliyoirudia sana ni ya elimu na ajira, kwamba mzazi anaweka mali yake kwa mtoto miaka yote ya shule alafu kijana anamaliza hana ujuzi wa kumuingizia kipato. Ukiisikiliza vizuri hiyo ni hesabu ya mfanyabiashara, anauliza mtaji umeingia kiasi gani na umerudi nini, ila ameiuliza kwenye elimu. Unaweza usikubaliane nae (mi mwenyewe naona shule inampa mtoto vitu vingi visivyo na bei) lakini swali linabaki pale pale na mtu mwenye maneno makubwa ya kitabuni asingeliuliza hivyo. Alikuwepo pia Mohammed Dewji, Singida Mjini kuanzia 2005 mpaka 2015, kwahiyo wafanyabiashara bungeni si jambo la jana.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na huu naomba muushike: kabla hujameza hoja ya mbunge mfanyabiashara sikiliza kama ametangaza maslahi. Kanuni za Bunge zinamtaka mbunge mwenye maslahi ya kifedha kwenye jambo aseme kabla ya kuchangia, ndo unasikia "natangaza maslahi, mimi ni msafirishaji" au "mimi ni mfugaji". Hilo neno wengi wanalipita kama salamu. Mi nikilisikia naandika pembeni. Msafirishaji akilalamikia bei ya mafuta anajua anachosema kuliko mtu yeyote mle ndani, hapo msikilize kwa makini, ila akifika kwenye kupendekeza tozo ishuke kwa malori na si kwa kitu kingine, jiulize nani atafidia hiyo pengo, maana inaweza kuwa ni wewe mwenye mchele. Simaanishi ni mtu mbaya. Ujuzi wake na faida yake vinakaa kwenye kichwa kimoja, na we kazi yako ni kuvitenganisha.

Cha pili, mchango sio sheria. Hapa ndo watu wengi wa kwetu wanaumia, mbunge anasema kwa nguvu "hii kodi ifutwe!" ukumbi unapiga meza, kipande kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kesho yake mtu ananunua mzigo akijua kodi imefutwa. Haijafutwa. Katiba yetu ibara ya 99 inasema mambo ya kutoza kodi, au kuibadili kwa namna isiyo ya kuipunguza, na matumizi ya serikali yanashughulikiwa na Bunge pale tu Rais amependekeza kupitia waziri, mbunge wa kawaida hawezi kuleta tu muswada wake wa kutoza kodi, na hata hiyo ya kufuta haifutwi kwa neno lake ukumbini. Anachofanya zaidi ni kushawishi, na kuna sehemu ushawishi unafanya kazi kweli, ila si pale kwenye dakika zake 10 au 5 anazopewa ukumbini. Ni kwenye Kamati ya Bajeti, ambayo inapokea maoni ya wadau kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha mwezi Juni, na ni kwenye lile jedwali la marekebisho (orodha ya mabadiliko ya muswada) ambalo serikali inaleta baada ya kukubaliana na kamati. Mimi siku hizi hotuba ya waziri naisikiliza, michango naisikiliza, lakini hela naitoa mfukoni nikishaona jedwali na sheria imesainiwa. Na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwahiyo wiki ya mwisho ya Juni sinunui mzigo mkubwa wa mkopo hata bei iwe nzuri namna gani.

Niwape stori yangu moja iliyonifundisha zaidi ya hayo yote. Ushuru wa mazao ulipunguzwa 2017, ulikua mpaka asilimia 5 ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikasemwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Vizuri sana. Sasa mi nina mzigo wangu wa tani 10, nimelipa ushuru nilikonunua, risiti ya POS (ile mashine ya kukusanyia ushuru) ninayo mkononi, nafika geti la halmashauri nyingine (siitaji) naambiwa hiyo risiti si ya hapa, lipa. Saa tano usiku, dereva anataka kuondoka, nikalipa. Ikatokea tena mara ya pili.

Nikaenda kwa mbunge mmoja ambae najua nae amewahi kuuza nafaka. Nikaanza kulalamika kama tunavyolalamika wote, tunaonewa, tunanyonywa, akanisikiliza alafu akaniuliza swali moja tu, "kwa kilo inakutoa shilingi ngapi?" Sikua na jibu. Akanipa karatasi nipige hesabu pale pale. Tuseme mchele kilo moja ni shilingi 2,000, tani 10 ni milioni 20, asilimia 2 ni laki 4, yaani shilingi 40 kwa kila kilo. Nikilipa mara mbili ni 80 kwa kilo. Nikamwambia mheshimiwa, kuna misimu faida yangu yote kwa kilo haifiki 80. Akasema sasa hapo umeongea, hiyo ndo naweza kusimama nayo.

Alafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Akasema sheria unayoitaka ipo tayari, ushuru ulishalipa ulikonunua, we shida yako ni utekelezaji, hii usisubiri bajeti, chukua risiti zote mbili peleka kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa diwani, mi nitaiuliza kwenye bajeti ya TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri) lakini we usikae kunisubiri. Nilifanya hivyo. Hela ya nyuma sikurudishiwa, nisiwadanganye, lakini nilipewa barua na lile geti halikunisimamisha tena msimu uliofuata. Ningekaa nasubiri "Bunge lifanye kitu" ningekua nalipa mpaka leo. Kwahiyo kabla hujamfuata mbunge jiulize kero yako ni ya sheria, ya kanuni ya waziri, au ya mtu mmoja mwenye mashine getini, maana kila moja ina mlango wake.

Na ndugu zangu hesabu inasafiri kuliko kilio, hili nimeliona kwenye mambo makubwa pia. Wachimbaji wadogo walikua wanalia miaka kuhusu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye dhahabu yao, na hoja iliyokua na nguvu ni kwamba kodi zote hizo zikiunganishwa dhahabu inaondoka kwa njia za panya na serikali inakosa hata kidogo. Januari 2019 wakakutana na Rais Magufuli Dar, Februari Bunge likaziondoa, Machi soko la madini likafunguliwa Geita. Ilibebwa na hesabu ambayo pande zote mbili zinaiona faida yake.

Si kila mara hesabu inashinda lakini. 2018 wabunge wa Lindi na Mtwara walipambana sana kuhusu ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, asilimia 65 ya hela ile ilikua inarudi kuendeleza zao, serikali ikataka yote iende mfuko mkuu. Walieleza pembejeo zitanunuliwa na nini, walieleza kwa uchungu, na muswada ukapita. Nilikua nafahamiana na mama mmoja wa pembejeo kule kusini, yeye alifuatilia ule mjadala mpaka mwisho na siku ulipopita akapunguza oda yake ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Kwahiyo hata hoja iliyoshindwa ina faida kwa anayeisikiliza, inakwambia pengo litatokea wapi.

Na kuna hili la Kariakoo linaniuma mpaka leo. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka, tarehe 17 Waziri Mkuu Majaliwa akakaa nao Mnazi Mmoja, watu wakaongea yote, na bajeti ya Juni kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa VAT kikapanda kutoka milioni 100 mpaka 200. Nilifurahi, ila nikajiuliza mbona yale malalamiko hayakua yamefika na hesabu zake miezi sita kabla? Watu walipoteza siku za mauzo kusema kitu ambacho kingeweza kuandikwa.

Miezi sita kabla nimeisema makusudi. Novemba Bunge linajadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na wizara ya fedha inakusanya mapendekezo ya kodi kwa wadau mapema kabla ya bajeti, huo ndo muda kitu bado kibichi. Aprili mpaka Juni zinapita bajeti za wizara moja moja, ukifika hapo mengi yameshaiva. Mbunge mwenye akili ya biashara anakusikiliza Novemba kuliko Juni, Juni kila mtu anampigia. Kama hujui alishasema nini, ingia tovuti ya Bunge, Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala) zipo, tafuta jina lake, soma michango yake ya miaka miwili, utamjua kama huwa anabeba namba au anabeba kelele.

Mimi mwaka huu nimeandaa ukurasa mmoja tu. Juu nimeandika nalipa nini kwa kila kilo ya mchele kutoka shambani mpaka Dar, mstari kwa mstari, ushuru, mzani, magunia, vibarua, makato ya simu, chini nimeambatanisha risiti. Wenzangu wanne wa mchele nao wameandika za kwao, na namba zetu hazipishani sana. Mwenye biashara ya mazao Kahama na Shinyanga anaetaka kuongeza ukurasa wake aandike kwa mpangilio huo huo, kwa kilo, na aache kabisa neno "tunaonewa" kwenye karatasi, tunazipeleka wiki ya kwanza ya Novemba.