Doa au kovu? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kaunta ya jiwe iliyofifia karibu na sinki

Ndugu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umesema kaunta yako ni nyeupe yenye mishipa ya kijivu, uliuziwa kwa jina la kwatzi, na umekuwa ukiifuta kila jioni kwa maji yaliyochanganywa na siki. Sasa kuna miduara iliyofifia kuzunguka sinki ambayo haitoki kwa sabuni, pamoja na doa la mafuta lenye weusi karibu na jiko. Unataka kujua ni dawa gani kali zaidi itakayoondoa miduara hiyo, na kama inafaa kupaka dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe. Nakuomba uiweke siki kando leo hii na usinunue dawa kali ya aina yoyote mpaka ujue jiwe lako ni la namna gani, kwa sababu kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama miduara ile ni uchafu.

Nimeishi na kaunta za mawe kwa miaka mingi: marumaru katika jiko la kwanza, granaiti katika la pili, na sasa jiwe la kiwandani. Somo lililonigharimu kuliko yote ni tofauti kati ya doa na kovu. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, na kilichoingia mara nyingi huweza kutolewa. Kovu ni sehemu ya uso wa jiwe iliyokwisha kuondoka, na hakuna sabuni inayoweza kuirudisha. Doa hubadilisha rangi, aghalabu kwa kulitia jiwe weusi, ilhali kovu huua mng'aro na kuacha weupe uliopauka. Ili kuvitenganisha, subiri usiku, zima taa ya jikoni, laza tochi juu ya kaunta ili mwanga upite ukiambaa uso wa jiwe, kisha inama mpaka jicho lako likaribie usawa wake. Palipo na doa, mwanga utateleza kama kwingineko. Palipo na kovu, mwanga utakatika, na utaona ukingo wa duara waziwazi kana kwamba umechorwa.

Kovu langu la kwanza lilitokana na nusu ya limau niliyoiacha imelala kifudifudi juu ya marumaru usiku kucha. Asubuhi nilipoiinua, nilikuta duara kamili, jeupe kama mvuke wa pumzi kwenye kioo, na nilipopitisha ncha ya kidole nilihisi ukavu wenye chembechembe mahali ambapo jana yake palikuwa pakiteleza. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa dawa ya meno, kisha nikatumia siki nikiamini kwamba naondoa ukungu. Duara likapanuka mbele ya macho yangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapakuwa na ukungu wowote wa kuondoa, na kwamba kila nilipoongeza bidii nilikuwa naendelea kulila jiwe lenyewe.

Sababu yake ni rahisi kuifahamu. Marumaru, pamoja na mawe ya chokaa, travatini na onikisi, kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti. Asidi, kama ile ya limau au siki, inapoigusa maada hiyo, hutoka kaboni dioksaidi na kubaki chumvi inayoyeyuka katika maji, na uso uliokuwa umesuguliwa ukang'aa huachwa na mashimo madogo mno yanayotawanya mwanga. Kazi hiyo huanza mara moja, wala haihitaji usiku kucha. Ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika nao kwa kiasi kikubwa ni kalisi kaboneti, na ndiyo maana siki huusafisha vizuri sana. Lakini anayeifuta marumaru kwa siki anaitendea kaunta yake yote kama ukoko wa birika. Granaiti ni tofauti kwa sababu imejengwa zaidi kwa feldispa, kwatzi na mika, madini ambayo asidi za kawaida za jikoni haziyawezi kwa urahisi. Hata ugumu haulingani: katika kipimo cha Mohs, kalisaiti iliyomo ndani ya marumaru ina ugumu wa 3, feldispa 6 na kwatzi 7, huku chuma cha kisu cha kawaida kikiwa karibu 5.5. Kwa hiyo kisu kitaikwaruza marumaru, lakini kwenye granaiti kisu ndicho kitakachobutuka.

Sasa nirudi kwenye neno kwatzi uliloambiwa, kwa kuwa hapo ndipo wengi tunapopotezwa. Kwatzi ni madini. Kwatzaiti ni mwamba wa asili uliojengwa kwa madini hayo, mgumu sana. Jiwe la kiwandani ni kokoto na unga wa kwatzi uliogandishwa kwa rezini, yaani gundi ya plastiki. Vitu hivi vitatu huuzwa kwa majina yanayokaribiana, na kwa bahati mbaya marumaru nyeupe pia huingizwa humo. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa kipande cha rafu kwa jina la kwatzaiti, kumbe kilikuwa jiwe la dolomaiti, ambalo huliwa na asidi taratibu zaidi kuliko marumaru ya kawaida lakini mwishowe huliwa. Njia niliyojifunza ya kupima ni hii: tafuta sehemu iliyong'arishwa lakini iliyojificha, kwa mfano nyuma ya kifaa ambacho hukisogezi, weka tone moja la siki, liache kwa nusu saa, lifute, suuza na kausha, kisha tazama kwa tochi kama nilivyoeleza. Ikiwa pamebaki alama iliyofifia, una jiwe la jamii ya kaboneti, hata kama stakabadhi imeandikwa vinginevyo. Ikiwa hapana alama, una jiwe gumu la asili au la kiwandani, na hapo mchoro wa jiwe lenyewe utakusaidia: ukitazama kwenye ukingo uliokatwa au tundu la bomba, jiwe la kiwandani mara nyingi huonyesha punje zilizotawanyika kwa usawa mno.

Ukikuta ni jiwe la kiwandani, usidhani umesalimika na kila kitu. Jiwe hilo kwa kawaida huwa na takriban asilimia 90 au zaidi ya madini kwa uzito, na sehemu iliyobaki ni rezini ya poliesta pamoja na rangi. Njia ya kulitengeneza kwa kulikandamiza na kulitetemesha katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, ilianzishwa na kampuni ya Breton ya Italia. Watu husikia hiyo asilimia 90 wakaona wana mwamba, lakini kinachoharibika ni ile sehemu ndogo inayobeba zote. Rezini huanza kudhurika kwenye joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi, na mafuta ya kukaangia hupita hapo bila shida. Niliwahi kutua sufuria ya mafuta kando ya jiko kwa muda usiozidi kuitikia mlango. Niliporudi niliikuta pete ya rangi ya chai isiyokolea, laini kabisa kwa kidole, iliyokuwa ndani ya jiwe na si juu yake. Ipo hadi leo. Joto la ghafla mahali pamoja linaweza hata kulipasua, hasa karibu na tundu la sinki au la jiko. Jua kali la kila siku hulibadilisha rangi, kwa hiyo si jiwe la kuweka nje. Dawa za kuzibulia mabomba na za kusafishia oveni, ambazo nyingi huwa na kostiki soda, pamoja na dawa za kubandulia rangi ya mbao, zisiliguse kabisa, na zikimwagika zisuuzwe papo hapo kwa maji mengi.

Usafi wa kila siku ni mwepesi kuliko tunavyoambiwa, na haubadiliki sana kati ya mawe haya: maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, kisha kusuuza na kukausha. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayorukwa. Sabuni isiyosuuzwa huacha utando unaojikusanya wiki kwa wiki mpaka kaunta ionekane imechoka, na mwenyewe hukimbilia dawa kali kuondoa kitu ambacho maji safi yangekitoa. Maji yasiyokaushwa nayo huacha chokaa kuzunguka shina la bomba. Chokaa hiyo ikishaganda juu ya marumaru, huwezi kuiyeyusha kwa asidi bila kuyeyusha na kaunta, kwa hiyo ilainishe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kwa muda, halafu ikwangue polepole kwa kipande cha plastiki. Sponji za waya na poda za kusugulia ziache kwa masufuria. Dawa ya klorini usiifanye ya kila siku, na usiichanganye na siki kamwe, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Doa lako la mafuta ndilo ninalolitumainia zaidi, maana linaweza kutoka. Kama kipimo kimeonyesha jiwe la asili, changanya bikaboneti, ile ya kuumulia keki, na maji kidogo mpaka iwe nzito kama siagi, ipake juu ya doa kwa unene wa karibu nusu sentimita ukivuka ukingo wake kidogo, funika kwa plastiki, bandika kingo kwa utepe na utoboe vitundu vichache. Iache kwa saa 24 hadi 48 ikauke kabisa, kwa sababu ni katika kukauka ndipo unga unapoyavuta mafuta kutoka ndani. Mara ya kwanza nilipobandua yangu, nilikuta upande wa chini wa ule unga umepata rangi ya manjano hafifu yenye umbo la doa, nikajua yamepanda. Nilirudia mara tatu. Doa la kahawa au majani ya chai hujibu vizuri zaidi unga huo ukichanganywa na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 badala ya maji, lakini ijaribu pembeni kwanza, hasa kama jiwe ni la rangi ya giza. Jihadhari na dawa za kuondoa kutu zenye asidi ya haidrofluoriki. Hizo hula hata granaiti, na kwa mwili wa binadamu ni hatari kubwa.

Kuhusu dawa ya kuziba vinyweleo, swali lako lina majibu mawili. Kwa jiwe la kiwandani usiipake, kwani halinyonyi, na dawa itabaki juu ikiganda kama ukungu wenye michirizi. Kwa jiwe la asili, dondosha maji mahali kadhaa usubiri dakika 15: pakiingia weusi, jiwe linanyonya na linahitaji dawa, pasipobadilika, hifadhi fedha zako. Ukiipaka, kaunta iwe kavu kabisa, na dawa iliyobaki juu uifute yote kabla haijakauka, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Hata hivyo, fahamu kwamba dawa hiyo hupunguza madoa tu. Haizuii kovu, kwa sababu asidi hulila jiwe pale juu kabisa inapoligusa, kwa hiyo kuipaka juu ya miduara yako hakutaiondoa wala kuzuia mipya.

Miduara yenyewe, ikiwa ni marumaru, inaweza kusuguliwa upya kwa poda ya kung'arishia marumaru, kwa maji na kitambaa cha sufu, kwa subira na kwa eneo dogo dogo. Nimefanya hivyo kwa makovu madogo na yakarudi vizuri, ingawa ukilitazama kwa tochi bado utapajua mahali. Kama ni mengi, ninashauri umwite fundi wa mawe aitoe kaunta yote mng'aro iwe na uso mfifu wa aina moja. Binafsi naona marumaru ya jikoni inapendeza hivyo, maana makovu mapya hayapigi kelele. Granaiti na jiwe la kiwandani usijaribu kuvisugua mwenyewe kwa msasa au mashine kavu. Vumbi lake lina silika, ile maada inayojenga kwatzi, na mafundi wengi waliokata jiwe la kiwandani bila maji wameugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Australia ilipiga marufuku jiwe hilo kuanzia Julai 1, 2024 kwa sababu hiyo. Fundi atakayekuja atumie maji anaposugua na avae kinga ya pumzi inayofaa, na watoto wasiwepo jikoni wakati huo.

Fanya kipimo cha tone la siki kesho kukiwa na utulivu, kisha piga picha ya mduara mmoja usiku, tochi ikiwa imelazwa, uiweke hapa. Nitaitazama na kukwambia kama ni wa kusugua mwenyewe au wa fundi.